Mtungi wa Mkaguzi na Dakika 5 za Mwanzo

Katika duka moja la vitenge jirani na Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, mtungi wa kuzimia moto umetundikwa ukutani kwa msumari, na mbele yake zimepangwa doti za vitenge kwa wingi hata kinachoonekana ni kipini chake tu. Nilipomwomba mwenye duka niuone, alisogeza doti tatu, akaufuta vumbi kwa upindo wa khanga yake na kusema bila kificho: "Huu ni wa mkaguzi, mwanangu. Akija anauona, anaandika, anaondoka." Mshale wa kipimo cha presha ulikuwa umelala kwenye sehemu nyekundu, maana yake gesi ya kuusukuma unga nje ilikwisha kuvuja, na kadi iliyofungwa shingoni mwa mtungi ilionesha kwamba mara ya mwisho ulihudumiwa miaka miwili iliyopita. Kwa msomaji asiye wa huku, Makoroboi ilipata jina lake kwa mafundi waliokuwa wakigeuza makopo kuwa koroboi; ni mtaa ulioitwa kwa jina la moto mdogo.

Kauli ya mama yule ndiyo kauli ya wafanyabiashara wengi wa jiji hili, na haifai kuidharau, kwa sababu ndani yake kuna hoja kamili. Hoja yenyewe ni kwamba kazi ya kuzima moto ni ya serikali. Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliweka jukumu hilo mikononi mwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba ya 114 inajulikana, na mwananchi anayelipa kodi, leseni na ada ya ukaguzi ana haki ya kuuliza kwa nini anaambiwa tena anunue mtungi. Wanaosema hivyo wanataka magari ya kutosha, barabara zinazopitika na haidranti zenye maji, yaani yale mabomba ya barabarani ambayo gari la zimamoto huchukulia maji. Wanakumbusha kwamba Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zina wakazi zaidi ya milioni 1 kwa sensa ya 2022, na kwamba sehemu kubwa yao wanaishi milimani, kule Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimejibanza katikati ya mawe na njia ya kufikia mlango ni ngazi zilizochongwa au kichochoro kinachompitisha mtu mmoja na ndoo yake kichwani.

Wanalo pia lile lalamiko ambalo kila Mtanzania amewahi kulisikia baada ya moto: gari lilikuja halina maji. Mara nyingi lalamiko hilo si sahihi kwa jinsi linavyosemwa, kwa sababu gari huja na maji, ila tanki la lita 5,000 likitoa lita 500 kwa dakika huisha kwa dakika 10, na baada ya hapo gari lisilo na haidranti karibu linabaki kuwa gari jekundu. Huko Mwanza jambo hili linauma zaidi, kwani anayetazama duka lake likiteketea anaweza, akigeuza shingo, kuliona ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000. Hakuna mtu mwenye moyo atakayemwambia mtu huyo kwamba tatizo lake lilikuwa kutokuwa na mtungi.

Hata hivyo, ubishi huu haukuzaliwa Mwanza, na ukiufuatilia nyuma unakutana nao ukiwa umekwisha kuandikwa kwenye barua. Yapata miaka 1,900 iliyopita, Plinius Mdogo, gavana wa Kirumi katika jimbo la Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaizari Trajan kumweleza moto ulioteketeza nyumba nyingi za mji wa Nikomedia pamoja na majengo mawili ya umma. Alitaja upepo mkali, lakini hakuishia hapo: alisema watu walisimama wakitazama bila kufanya lolote, na kwamba mji mzima haukuwa na pampu ya umma, wala ndoo, wala chombo chochote cha kuzimia moto. Aliagiza vifaa vinunuliwe, kisha akaomba ruhusa ya kuunda kikosi cha mafundi 150 wa kupambana na moto, akiahidi kuwasimamia mwenyewe.

Trajan alikataa. Alihofia kwamba watu wanaokutana kwa jina lolote lile hatimaye hugeuka chama cha siasa, na miji ya jimbo lile ilikuwa na historia hiyo. Badala yake alijibu kwamba inatosha kuandaa vifaa, kuwahimiza wenye nyumba wavitumie wao wenyewe, na ikilazimu kuwatumia watu waliokusanyika kutazama. Sababu yake ilikuwa ya mtawala anayeogopa raia wake, na ubaya wake unaonekana zaidi ukikumbuka kwamba Roma yenyewe, alikoishi yeye, ilikuwa na kikosi cha kudumu tangu mwaka 6, wakati Kaizari Augustus alipounda vikosi 7 vya walinzi wa usiku, wengi wao watumwa walioachwa huru. Alichokuwa nacho yeye aliwanyima Wanikomedia. Mwenye duka wa Makoroboi anayesema "serikali inatusukumia mzigo wake" angemtambua Trajan mara moja.

Lakini iondoe siasa kwenye barua ile, uulize swali la kiufundi tu: mafundi 150 wangeukuta moto wa Nikomedia ukiwa na ukubwa gani? Plinius mwenyewe ametupa jibu bila kukusudia, pale aliposema kwamba watu walikuwepo tayari, wamesimama, wakitazama. Waliokuwepo dakika ya kwanza hawakuwa na ndoo. Hapo ndipo historia nzima ya vifaa vya kuzimia moto inapogawanyika mikondo miwili: wa vifaa vinavyoletwa, na wa vifaa vinavyokutwa.

Mkondo wa vifaa vinavyoletwa ndio wenye sifa, na unastahili sifa hizo. Ktesibios wa Aleksandria alibuni pampu ya kusukuma maji karne ya 3 kabla ya Kristo. Mchoraji wa Amsterdam, Jan van der Heyden, pamoja na ndugu yake, walitengeneza mpira wa ngozi wa kupitisha maji mwaka 1672, na kuanzia hapo wazima moto waliweza kuingia hadi ndani ya nyumba badala ya kurusha maji kutoka barabarani. Mwaka 1829 ikaja London pampu ya mvuke ya John Braithwaite. Kila hatua iliongeza maji, umbali na nguvu, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kutaka jiji lisiwe na vitu hivyo.

Mkondo wa pili hauna sanamu wala gwaride, na ndio ninaotaka kukaa nao. Mwaka 1813 afisa wa Kiingereza, Kapteni George William Manby, alikuwa Edinburgh, mji wa Uskoti uliojengwa kwenye miinuko, wenye nyumba ndefu na vichochoro vyembamba, akaona moto ukiwashinda wazima moto kwa sababu tu maji yao hayakuweza kufika ghorofa ya tano. Walipofanikiwa kuyafikisha, moto ulikuwa umekwisha kutambaa. Mkazi wa Mabatini hahitaji kuelezwa zaidi. Manby hakuondoka pale akidai pampu kubwa zaidi. Alijiuliza ni chombo gani ambacho mtu mmoja angeweza kukipandisha ngazi mgongoni na kukitumia peke yake. Alichokitengeneza, na kukitangaza mwaka 1818, kilikuwa mtungi wa shaba wenye lita 13 na ushee za maji yaliyochanganywa na chumvi ya potasi, ukajazwa hewa iliyoshindiliwa, na ukifunguliwa koki maji yanaruka yenyewe. Huo ndio babu wa mtungi uliofichwa nyuma ya vitenge.

Chumvi ile ya potasi ilipatikana kwa kuchuja majivu ya kuni. Sisi tuna msemo kwamba moto huzaa jivu, tunapomsema mtoto mzembe wa mzazi hodari; Manby alilichukua jivu hilo la kudharauliwa akalituma likamuue mzazi wake.

Kwa haki, ni mji uleule wa Edinburgh ulioupa upande wa kwanza, wa wanaodai magari na vikosi vya serikali, hoja yake nzito kuliko zote. Mwaka 1824 uliunda kikosi cha zimamoto cha manispaa na kumpa uongozi kijana James Braidwood, na kabla ya mwaka kwisha, mwezi Novemba, moto mkubwa ukaunguza sehemu ya mji wa kale kwa siku kadhaa. Braidwood hakukata tamaa. Aliwafundisha watu wake kuingia ndani na kukitafuta chanzo cha moto, na mbinu zake zilisambaa Uingereza nzima. Alikufa kazini London mwaka 1861, akiangukiwa na ukuta katika moto wa Tooley Street. Hakuna mtungi uliowahi kuuzima moto wa aina ile, na anayesema mtungi unaweza kuchukua nafasi ya Braidwood anauza mitungi.

Sasa nije kwenye hesabu inayotumiwa kuucheka mtungi, kwa kuwa naona imesomwa kichwa chini. Mtungi wa unga wa kilo 6, ambao ndio wa kawaida madukani, hutema unga wake wote kwa takriban sekunde 15 hadi 20. Ule mdogo wa kilo 1, wa kwenye gari, haufikishi sekunde 15. Mpinzani akisikia hivyo hupiga makofi: sekunde 15 ndizo za kuokoa duka lenye shehena ya mamilioni? Kosa lake ni kuzilinganisha sekunde hizo na lita 5,000 za gari, ilhali kipimo kinachostahili ni umri wa moto. Moto unaoanzia kwenye soketi iliyochoka au kwenye pasi iliyosahauliwa una ukubwa wa ndoo kwa dakika moja au mbili. Baada ya hapo hewa ya moto na moshi hupanda na kujikusanya chini ya dari, na joto linarudi chini kuvichoma vitu ambavyo ndimi za moto hazijavigusa bado. Kisha, katika chumba chenye magodoro ya sponji, viatu vya plastiki na nguo za nailoni, kila kitu hushika kwa mkupuo mmoja, na hilo linaweza kutokea ndani ya dakika 5 au hata kabla yake.

Zitazame dakika hizo 5 kwa mwendo wa jiji letu. Mtu auone moto, aache kuzubaa, akumbuke namba, apate laini, aeleze mtaa usio na namba za nyumba kwa kutaja msikiti, mti na duka la dawa. Askari wavae, gari litoke, lipenye kati ya daladala, bajaji na mikokoteni ya machinga. Hata jiji lenye kila kitu haliwezi kulifikisha gari kwenye dakika ya tatu. Kwa hiyo mashindano hayako kati ya sekunde 15 na lita 5,000. Yako kati ya sekunde 15 zinazopatikana dakika ya kwanza na lita 5,000 zinazopatikana dakika ya 20, na moto wa dakika ya 20 si moto uleule. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na gari la zimamoto, hata liwe jipya namna gani, kwa asili yake ni fimbo ya mbali.

Hesabu hii ina makali pande zote mbili, na nisingekuwa mkweli kama ningeuficha upande wa pili. Baada ya dakika 5, thamani ya mtungi ni sifuri, na anayeendelea kusimama mbele ya moto akiwa nao anahatarisha maisha yake. Tena sekunde zenyewe hupungua mikononi mwa asiyejua. Mtungi niliouona Makoroboi ulikuwa na maelekezo ya Kiingereza na Kichina tu. Anayeushika mara ya kwanza moto ukiwaka hutumia sekunde zake za awali akikibana kipini ambacho pini yake haijachomolewa, na zilizobaki akinyunyizia ncha za ndimi za moto zinazomtisha macho, ilhali moto huuawa kwenye kitako chake. Kuchomoa pini, kuelekeza mdomo wa mpira chini kwenye kinachoungua, kubana, kisha kupeleka mkono kushoto na kulia kama anayefagia uwanja: ni somo la robo saa, na ni wachache sana sokoni waliowahi kulipata. Fimbo iliyo karibu nayo, ikiwa imeoza, haimuui nyoka.

London ya mwaka 1666 hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba vifaa vidogo havina maana. Huko walikuwa na mabomba ya shaba yaliyofanya kazi kama bomba la sindano, wawili wakishika masikio yake na wa tatu akisukuma, ili kurusha lita chache za maji. Moto ulidumu siku 4, nyumba 13,200 na makanisa 87 yakaangamia, na mabomba yale hayakufua dafu. Ni kweli. Lakini tazama watu waliochomwa na moto ule walivyoamua walipopoa: jiji liligawanywa robo nne, na kila robo ikaamriwa kuweka ndoo 800 za ngozi na ngazi 50, na kila parokia mabomba mawili ya mkono. Ndoo 3,200. Waliokuwa na kila sababu ya kuichukia ndoo ndio walionunua ndoo, kwa sababu walikuwa wameona kwamba moto ule ulianza katika nyumba moja ya mwoka mikate.

Jambo jingine linalopotea katika ubishi wetu ni kwamba moto hauna sura moja, na kwamba vifaa vidogo vilikua kwa kuzifuata sura hizo moja baada ya nyingine. Pale Mwaloni, Kirumba, wakaanga samaki wanafanya kazi siku nzima mbele ya karai za mafuta yanayochemka, na ziwa liko hatua chache nyuma yao. Maji hayo ni adui yao. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka huzama chini, yanageuka mvuke papo hapo na kutanuka mara 1,700 hivi, na mvuke huo huyarusha mafuta yenye moto hewani na kumwagikia aliyeyamwaga. Kinachotakiwa pale ni mfuniko, au blanketi la kuzimia moto, yaani kuunyima moto hewa; Warumi walilijua hilo walipobeba mablanketi yaliyoloweshwa siki. Mvuvi mwenye injini ya petroli mtumbwini yuko katika hali hiyohiyo, kwani petroli huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka ikitembea.

Aliyelitatua hilo naye aliishi ufukweni. Aleksandr Loran alikuwa mwalimu huko Baku, mji wa mafuta kando ya Kaspi, ambayo wengi huihesabu kuwa ziwa kubwa kuliko yote duniani. Alikuwa akiona visima na matangi yakiwaka huku maji yasiyo na mwisho yakiwa hayana msaada, na kati ya mwaka 1902 na 1904 akatengeneza povu, lililo jepesi kuliko petroli, linalokaa juu yake kama ukoko na kuufungia moto chini. Mtungi wa gesi ya kabonidayoksaidi nao ulitokana na shida ya namna hiyo: katikati ya miaka ya 1920, kampuni ya simu ya Bell ya Marekani ilihitaji kuzima moto kwenye mitambo ya umeme bila kuilowesha, na Walter Kidde akaitengenezea. Kabla ya hapo, tangu 1866, Mfaransa François Carlier alikuwa ameonesha kwamba bikaboneti ya soda, ndugu wa magadi tunayotia kwenye makande, ikikutana na asidi ndani ya mtungi huzaa gesi ya kutosha kuyasukuma maji nje. Gari la zimamoto ni moja. Vifaa vya mkononi ni vingi kwa sababu majiko, injini na mitambo ni mingi.

Na majiko yenyewe yanabadilika sasa hivi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri kwa misitu na kwa mapafu ya mama zetu, ila maana yake kwa mada hii ni kwamba mtungi wa gesi unapanda ngazi za Mabatini na Igogo kichwani mwa mtu, na unaingia vyumba ambavyo gari la zimamoto halitavifikia kamwe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya mabondeni mwa chumba. Moto wake una kanuni ambayo si ya kuni wala mkaa: funga vali kwanza, kwa kuwa ukiuzima mwali huku gesi ikiendelea kutoka, umekusanya mlipuko. Kila kaya inayouziwa mtungi wa kupikia bila kuambiwa hilo imeuziwa nusu ya kifaa.

Wapinzani wa mtungi wana ushahidi mmoja ambao hawautumii vya kutosha, nami nitawasaidia. Historia ya vifaa hivi ina aibu zake. Kuanzia miaka ya 1910 mtungi mdogo wa shaba wa kampuni ya Pyrene uliuzwa kila mahali ukiwa na kaboni tetrakloridi, kimiminika kilichozima moto wa umeme vizuri, lakini kikipata joto hutoa fosijini, gesi ileile iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Haloni, kemikali za kuzimia moto zilizoshika nafasi yake baadaye, hazikumdhuru sana aliyekuwepo chumbani, ila zilichangia kulitoboa tabaka la ozoni hadi mkataba wa kimataifa, Itifaki ya Montreal ya 1987, ukaanza kuzibana. Kulikuwa pia na mtindo wa karne ya 19 wa kutundika mayai ya kioo yenye maji ya chumvi, ya kurushwa motoni. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale wanauziana mayai hayo yakiwa mazima, na sijui kama hilo ni tangazo la nyumba zisizoungua au la kifaa ambacho hakuna aliyekumbuka kukivunja. Nadhani mtungi wa mkaguzi ni wa ukoo wa mayai hayo. Kifaa kinachonunuliwa ili kionekane kina hatari kuliko kutokuwa nacho, maana mwenye nacho huacha kuogopa.

Hoja iliyobaki ndiyo inayonisumbua. Moto wa masoko mara nyingi hushika usiku. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, maduka yakiwa yamefungwa. Mtungi bila mkono ni chuma tu, na usiku hakuna mkono. Wenzetu wa Marekani walilijibu hilo kwa vinyunyizi vya darini vinavyojifungua vyenyewe kwa joto, vilivyoanza na Henry Parmelee katika kiwanda chake cha piano mwaka 1874, ambavyo havilali wala havisahau; lakini vinahitaji maji yenye presha saa 24, na hapo tunarudi kwenye hoja ya upande wa kwanza, ambayo ni ya haki.

Ila si kweli kwamba usiku hakuna mkono. Walinzi wa Augustus walikuwa walinzi wa usiku kabla ya kuwa wazima moto. Walitembea mitaani na ndoo za kamba zilizopakwa lami, na moto waliukuta ukiwa mchanga kwa sababu walikuwa macho. Katika nchi ya Wasukuma, iliyotuzalia sungusungu, wazo la mtu anayekesha kwa niaba ya majirani halihitaji kuagizwa kutoka Roma. Kila safu ya maduka Makoroboi ina mlinzi, mwenye koti zito, tochi na rungu. Yeye yuko barazani. Mtungi uko ndani, nyuma ya kufuli mbili, na funguo ziko Buhongwa kwa mwenye duka, aliyelala. Mkaguzi anakuja mchana, anauona mtungi, anaandika. Fomu inauliza kama mtungi upo. Haiulizi nani ataushika saa 8 usiku. Kasoro iko kwenye swali hilo, na ni kasoro inayoweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kuliko tairi za gari moja la zimamoto.

Nilimweleza mama yule hivyo, nikamshauri amwachie mlinzi mtungi. Aliniuliza kama asubuhi angeukuta. Nikamsimulia habari za zile ndoo nyekundu za zamani zilizotengenezwa na kitako cha mviringo, ili zisiweze kusimama sakafuni na hivyo mtu asione faida ya kuziiba akachotee maji nyumbani. Alicheka sana. "Mwanangu, hapa ni Makoroboi. Chuma chakavu kinapimwa kwa kilo, hakiulizwi kitako."

Mlinzi amewekewa ndoo mbili za plastiki zenye mchanga pale barazani. Mtungi ulipelekwa kujazwa wiki iliyofuata, umehamishiwa kando ya mlango, na bado unalala ndani.